Boila la Bi Mkubwa

Wembley, London
4 Novemba 1973

Kwa Dada yangu mpendwa Zuwena,

Assalamu alaykum. Natumai khati hii inakukuta na afya njema, wewe, shemeji na watoto, na kwamba Idi imewapitia kwa salama. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema na haina heshima.

Bi Mkubwa alifika Alhamisi. Nilimwona kwenye mlango wa abiria amejifunga kanga juu ya koti, kisutu chake kile kile, na pumu imemkaba hata salamu akaitoa vipande vipande. Neno la kwanza aliloniambia ni hili: "Haroub, mbona umekonda kama ufito? Hawa Waingereza wanakula wao tu?" Nikacheka, kisha nikageuka nipanguse macho. Miaka minane sijamwona mama, dada.

Nimempa chumba cha chini, cha mbele, kwa sababu ngazi hawezi. Daktari wa kifua atamwona mwezi ujao. Ila kuna jambo moja linaninyima raha. Mjomba Thuweni alipohamia Maskati aliniachia nyumba hii na vyote vilivyomo, pamoja na boila, yaani ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto. Ni la tangu kabla ya vita vyao na Wajerumani. Sasa mtaani kwetu wameleta gesi mpya inayotoka chini ya bahari, na wamepita nyumba kwa nyumba kukagua. Letu wamelifunga kikaratasi chekundu: lisiwashwe tena. Lazima nichague jipya, na majira ya baridi yamekwisha kupiga hodi.

Unajua kazi yangu. Ni karani wa bima. Kutwa nanakili ajali za watu. Fulani aliwasha hita ya mafuta ya taa, pazia likashika. Fulani alilala na blanketi la umeme. Nikirudi nyumbani kila kitu kinachotoa joto nakiona kama faili. Naogopa kuchagua, dada, na naogopa kutochagua.

Kwa sasa nimeziba nyufa za madirisha kwa gazeti na gundi. Bi Mkubwa anakusalimu na anasema usisahau dawa ya macho ya mtoto, Mwanaisha.

Wako mtiifu,
Nduguyo Haroub

Unguja
20 Novemba 1973

Kwa ndugu yangu Haroub,

Waalaykumu salaam. Sisi wazima, watoto wazima, kila kitu kipo na hatukosi kitu. Khati yako imefika, na imebandikwa gundi mara mbili, kwa hiyo nadhani imesalimiwa na wengi njiani.

Nimelia kwa furaha kuwa amefika. Miaka minane nimemlinda mimi, Haroub. Usiku wa pumu nilikuwa namkalisha kitako nikimsugua mgongo mpaka adhana. Sasa nimemkabidhi kwako. Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia kwa sababu wewe ukitishika ndipo unapofanya vizuri.

Hilo boila, mimi sijui maboila. Ila namjua mamangu. Mwanamke huyu hajapata kukaa mbele ya joto asiloliona linatoka wapi. Moto kwake ni kitu cha kutazama, cha kuchochea, cha kusema nacho. Ukimwekea sanduku la chuma lililofunga mdomo atasema humo mna jini. Mpe moto wa kuonekana. Na mwulize mwenyewe; usimchagulie kama mtoto.

Usimwache peke yake kutwa. Hakuna jirani?

Dadako,
Zuwena

Wembley
16 Desemba 1973

Dada Zuwena,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Sote tunaendelea. Kikohozi cha Bi Mkubwa bado, lakini daktari amempa dawa ya kuvuta na amesema jambo moja kubwa: awe mahali pa joto. Nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika jikoni.

Jirani yupo. Anaitwa Usha, Mhindi aliyefukuzwa Kampala mwaka jana na kuja na masanduku mawili. Huja saa nne akakaa na Bi Mkubwa, na Kiswahili chao ukikisikia utacheka. Bi Mkubwa humwita "mwanangu wa Bara".

Nimechagua boila. Hebu nikueleze nilivyochagua, ili nawe uwe umehudhuria.

Umeme niliutoa kwanza. Kuna mgomo wa wachimba makaa ya mawe, na serikali imetangaza kuwa kuanzia mwaka mpya ofisi na viwanda vitapewa umeme siku tatu kwa wiki. Nani anajua kama hawatafika majumbani? Mafuta ya taa niliyatoa kwa sababu ya yale mafaili. Ikabaki gesi, na gesi iko ya namna mbili.

Fundi ni Singasinga wa Nairobi, Balbir, amewawekea watu wengi wa mtaa huu. Alikaa sakafuni, akatandaza picha mbili.

"Kijana, sikia mimi. Hii ya sanduku iko bora. Inavuta hewa ya nje, inatupa moshi nje. Wewe ndani hapana jua kitu. Hii ingine moto iko wazi, mama naona, lakini inakula hewa ya chumba. Kama hewa hakuna, moshi narudi."

Bi Mkubwa akaishika ile picha ya sanduku, akaigeuza juu chini. "Na moto uko wapi?"

"Ndani, mama. Imefungwa."

"Mwenzangu, mimi nimevuka bahari nije kukaa na kasha? Joto lisilo na uso silitaki. Akija kunijulia hali mtu nitamkaribisha mbele ya kabati?"

Balbir akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Mimi sikucheka. Usiku kucha niliziweka picha zile mbili mezani. Barua yako ilikuwa mfukoni. Asubuhi nikamwambia fundi alete ile ya moto wazi.

Amekwisha kuiweka kwenye nafasi ya bomba la moshi la zamani, chumbani mwa Bi Mkubwa. Mbele kuna moto, nyuma kuna boila lenyewe la kupasha maji ya nyumba nzima. Unaonekana mwekundu kama makaa ya kweli. Bi Mkubwa amevuta kiti akasema, "Sasa nimefika London."

Ila kuna tundu. Kwa sababu moto unakula hewa ya ndani, sheria inataka ukuta utobolewe. Balbir ametoboa karibu na dirisha, upana wa sahani ya chai, akaweka wavu wa chuma. Akanishika bega: "Hii pua ya nyumba. Kila kitu funga, hii hapana." Karatasi ya maelekezo inasema hivyo hivyo, kwa herufi nzito. Bi Mkubwa halipendi. Upepo wake unamfika shingoni. Anasema, "Kupasha nyumba halafu ukaitoboa, huko ni kuchota maji kwa pakacha."

Usiku moto nauzima mimi mwenyewe, na alfajiri nauwasha mimi mwenyewe. Sijamwachia mtu.

Nduguyo,
Haroub

Unguja
2 Januari 1974

Ndugu yangu Haroub,

Waalaykumu salaam. Natumai mko wazima na mnajitayarishia Idi. Sisi tunashukuru. Watoto wanauliza kama bibi yao ameona theluji.

Boila nimelifurahia. Umefanya vyema kumsikiliza. Lakini hilo tundu, Haroub! Umemweka mgonjwa wa pumu chini ya tundu la upepo wa Ulaya? Upepo wa uwanjani haudhuru kitu. Upepo unaopenya tunduni ndio unaoingia kifuani na kukaa. Bibi alikufa na nini? Hukuwa umezaliwa, mimi nilikuwepo. Alilala kwenye ufa wa dirisha usiku mmoja tu.

Huyo fundi ametoboa kwa ajili ya watu wa huko waliozoea. Karatasi nayo imeandikwa na watu wa huko. Mamako ni mtu wa hapa.

Na nikukumbushe jambo, nisilifafanue. Mwezi kama huu, mwaka ule, nyumba yetu ilizibwa kila tundu. Bi Mkubwa alikichana kisutu kimoja akajaza nyufa za madirisha, cha pili akakisokota chini ya mlango, mwanga wa taa usionekane nje. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa umejikunja chini ya kitanda. Tulikaa siku tisa. Tuliozibiwa ndani ndio tulio hai. Aliyefungua mlango akatoka kutazama, mpaka leo hatujui kaburi lake.

Basi ziba tundu. Nakuambia kama dada na kama niliyekulea.

Msomee Bi Mkubwa khati hii yote.

Dadako,
Zuwena

Unguja
27 Januari 1974

Haroub,

Simu yako ya maandishi, maneno matano, imefika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nimeketi matanga na nyumba imejaa watu, nami sina la kuwaambia wanapouliza amekufa na nini. Umeandika "Bi Mkubwa amefariki Jumanne, amezikwa." Wewe, uliyesomeshwa, uliyekuwa unaniandikia kurasa nne juu ya boila!

Alikuwa na joto. Alikuwa na daktari. Kilichobaki ni lile tundu. Nijibu kitu kimoja tu: uliliziba? Khati yangu ilikufikia? Au uliogopa karatasi ya Waingereza kuliko maneno ya dadako, ukamwacha upepo umle?

Nangoja.

Zuwena

Wembley
17 Februari 1974

Dada yangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Mungu atupe subira sote, na ampe Bi Mkubwa nuru huko aliko.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza khati hii mara nyingi.

Alifariki Jumanne, tarehe ishirini na mbili, mchana, akiwa kitini mwake. Hakuhangaika, daktari ameniapia. Wanawake wa msikitini walimwosha, Usha akakaa nje ya mlango mpaka walipomaliza. Amezikwa makaburi ya Waislamu nje ya mji, mahali pana miti. Mvua ilikuwa ndogo.

Umeniuliza swali, nakujibu. Khati yako ilinifikia. Nilimsomea. Tundu sikuliziba. Niliifuata karatasi, baridi ikamwingia kifuani. Uliniambia, sikusikia. Kosa hili ni langu, na hakuna mwenye fungu ndani yake isipokuwa mimi.

Sitakuomba radhi sasa, kwa sababu najua huna ya kunipa.

Nduguyo,
Haroub

Unguja
10 Machi 1974

Haroub,

Nimeisoma. Nilikukabidhi mama, ukanirudishia tarehe.

Usiniandikie. Watoto nimewaambia mjomba wao amehama.

Zuwena binti Khalfan

Unguja
2 Juni 1974

Haroub, mtoto wa mamangu,

Leo asubuhi alikuja tarishi na bahasha iliyochakaa. Stempu ya huko kwenu, muhuri wa tarehe ishirini na moja Januari. Imefunguliwa na kufungwa sijui mara ngapi. Miezi minne ilikaa kwa wenyewe. Labda hawakuwa na mtu wa kuisoma, maana ndani imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ni mkono wa Bi Mkubwa. Nimekaa chini nikausoma. Nakunakilia kama ulivyo:

"Mwanangu Zuwena. Nimemwomba Usha anitilie khati hii posta, Haroub asijue. Jana amenisomea maneno yako. Ya tundu nimeyasikia. Yeye hataki, ana karatasi yake. Leo alipotoka tu nikapanda kiti, nikaziba kwa kisutu changu. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu nije huku. Kichwa kinanigonga kidogo, labda kwa kulala mchana. Kabla hajarudi nitakitoa, asije akaona akaogopa. Kesho akitoka nitakirudisha. Nduguyo muoga tangu siku zile, na mimi ndiye niliyemfundisha woga. Usimgombeze. Ni mimi mamako."

Nilikwenda na karatasi hii kwa daktari wa hospitali, nikajifanya nauliza habari za mtu mwingine. Nikamweleza moto wa gesi, tundu, kisutu, kichwa kugonga. Hakuniacha nimalize. Aliniuliza, "Nani aliyemwambia azibe?"

Nikamwambia sijui.

Haroub, wewe kazi yako ni ajali. Ulijua siku ile ile. Ulijua ulipoandika kuwa hukuziba. Mimi nikakulaani kwa jambo nililolifanya mwenyewe, nawe ukanyamaza ukaichukua laana. Ulifikiri unanihurumia. Lakini jeneza, ndugu yangu, halibebwi na mtu mmoja. Watu hupokezana mabega. Sisi wanawake hatulibebi. Hili nitalibeba.

Niandikie ilivyokuwa, usinifichie kitu. Salamu usiziandike. Anza na siku yenyewe.

Dadako,
Zuwena

Wembley
19 Juni 1974

Dada,

Khati yako ya tundu ilifika Jumamosi. Niliisoma peke yangu kwanza, jikoni. Nilipofika kwenye ule mstari nilijua nisimsomee. Lakini tumelelewa kuwa khati ni amana, haikatwi. Jumapili alikaa mbele ya moto wake akasema, "Nisomee mwanangu anasemaje," nami nikasoma yote. Ningeweza kuruka mistari mitatu tu. Asingejua.

Aliposikia habari za siku tisa zile alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Zuwena anakumbuka." Nikamwambia, "Mama, tundu hili haliko kama yale. Hapa tundu ndilo linalotuweka hai." Akaniambia, "Haya, baba, nimekusikia," kwa sauti ile aliyotumia kwa mtoto anayeota. Nikaridhika. Ya Jumatatu sikuyajua mpaka ulipoyaandika wewe. Jioni ile alilalamika kichwa, nikampa aspirini.

Jumanne nilirudi saa kumi na moja na nusu. Usha alikuwa barazani. Aliniambia amegonga tangu saa nne, akadhani mama amelala, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Chumba kilikuwa na joto zuri. Moto ulikuwa unawaka, mwekundu, na mashavu ya Bi Mkubwa mekundu vilevile, ndiyo maana nilimwita mara tatu kabla sijamgusa. Halafu nikafungua madirisha, nikachana magazeti yote kwa kucha. Kisutu nilikitoa tunduni kabla hajafika daktari. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nakuficha wewe tayari.

Hakikufichika. Damu yake ilipopimwa waliukuta moshi wa gesi, nami nikaitwa mbele ya hakimu wa kuchunguza vifo nikaeleza kwa Kiingereza safi. Waliandika: ajali. Mimi mwenyewe nimeandika neno hilo mamia ya mara. Balbir alikuja siku ya tatu. Alisimama chini ya tundu, akalipima kwa vidole vyake, akalipima tena, kana kwamba alilitoboa dogo. Kikombe chake cha chai kilipoa.

Boila nimeliondoa. Sijachagua jingine. Ni kiangazi sasa, na watu hawaulizi.

Umesema nisikufiche kitu. Basi bado kuna asubuhi.

Asubuhi ile niliwasha moto, nikampa chai, nikaaga. Nilifika kituo cha basi nikakumbuka nimesahau ufunguo wa kabati la ofisini. Kazini tulikuwa tumebakiwa na siku tatu kwa wiki, na msimamizi alikuwa anatafuta wa kumpunguza; kila aliyechelewa aliandikwa. Nikarudi mbio. Robo saa, haizidi. Ufunguo ulikuwa mezani, chumbani mwake.

Alikuwa amekwisha kulala kitini. Hakukohoa. Tangu afike sikuwahi kumsikia akivuta pumzi bila ya mluzi, na sasa alikuwa amenyamaza kama mtu aliyepumzika kweli. Nikainua macho nikakiona kisutu, kimejazwa tunduni vizuri, pembe zimekunjwa kwa ndani, kama alivyofanya mwaka ule.

Mimi ndiye ninayejua mafaili. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyejua kuliko mimi. Ilikuwa hatua nne na kunyoosha mkono. Lakini nilipokiona, dada, nilikuwa tena chini ya kitanda, na Bi Mkubwa amekwisha kuziba, na hakuna wa nje atakayetuona. Nilihisi tumesalimika. Nikajiambia nitamwambia jioni, kwa upole.

Nikauchukua ufunguo. Nikatoka kwa ncha za vidole, nikaufunga mlango polepole, nisimwamshe.

Nduguyo,
Haroub